Kwa nini mlinzi wa umeme husubiri

Wazee wetu wametuachia misemo miwili ambayo ukiiweka pamoja inaonekana kama inagombana. Wa kwanza unasema haraka haraka haina baraka. Wa pili unasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtoto akiuliza afuate upi, aghalabu hujibiwa kwamba inategemea. Leo, ndugu wasikilizaji, nataka tuzungumze juu ya chombo kimoja ambacho hakina ruhusa ya kujibu kwamba inategemea. Chombo hicho lazima kiambiwe mapema, kwa tarakimu, ni wakati gani kifanye haraka na ni wakati gani kivute subira. Kikiambiwa vibaya, ama mji mzima unalala gizani bila sababu, ama mali za watu zinaungua. Chombo chenyewe kinaitwa rilei, na kazi yake tutakayoizungumza leo ni kulinda mitambo dhidi ya msongo wa umeme uliozidi.

Kila masika yanapoingia, na radi zinapoanza kupasuka juu ya milima ya Uluguru, swali moja hunifikia kutoka Kichangani, kutoka Bigwa, na hata kutoka huko Matombo. Watu wanasema: umeme ulipanda ghafla, taa zikawaka kama jua, televisheni ikafa. Kama kweli huko vituoni kuna mitambo ya kulinda, kwa nini haikukata pale pale?

Ni swali la haki, maana wanaouliza wamepoteza vitu walivyovinunua kwa jasho lao. Jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, mlinzi wa kituoni amewekwa asubiri, tena kwa makusudi, na subira yake ina faida kwetu sote. Pili, yako matatizo yanayotokea mtaani kwako ambayo mlinzi yule hayaoni kabisa, hata awe hodari namna gani. Tutazipitia sehemu zote mbili.

Kwanza tuelewane juu ya msongo. Ninyi mnaoishi kwenye miteremko ya Uluguru mnalielewa jambo hili kuliko watu wa tambarare, maana maji yenu hutoka juu na kuteremka kwa bomba bila pampu. Mnajua kwamba mchana, watu wote wanapofungua bomba, maji ya mtu wa mwisho hutiririka kwa unyonge. Usiku wa manane watu wakifunga, nguvu ya maji ndani ya bomba hupanda, na pale penye kiungo kilichochakaa hupasuka. Maji ni yale yale na tangi ni lile lile. Kilichobadilika ni matumizi. Umeme nao una tabia ya namna hiyo. Msongo ni ile nguvu inayousukuma umeme ndani ya waya, nasi huipima kwa volti. Mashine za kusaga zikizimwa, viwanda vikifungwa na watu wakilala, msongo hupanda.

Vifaa vya nyumbani kwetu vimetengenezwa kwa volti 230 hivi. Njia kubwa inayotoka Kidatu kuja Morogoro na kuendelea hadi Ubungo, Dar es Salaam, ni ya kilovolti 220, yaani volti 220,000. Vifaa vya njia ya namna hiyo, kwa kipimo cha kimataifa, hujengwa viweze kuvumilia mpaka kilovolti 245 kwa muda wote. Zile njia za kilovolti 33 zinazopanda vijijini, vifaa vyake hujengwa kwa kilovolti 36. Maana yake ni kwamba upo uwanda mdogo wa kupanda na kushuka, kiasi cha asilimia 10 hivi, ambao ndani yake hakuna madhara. Ukiuvuka uwanda huo, ndipo mlinzi anapoamka.

Mlinzi huyu, rilei, ni kisanduku kidogo ambacho ukubwa wake haupiti sana ule wa redio ya mezani. Hakai juu ya nguzo, anakaa ndani ya chumba cha uendeshaji katika kituo cha kupozea umeme, kama kile cha hapa Msamvu. Kilovolti 220 hazimgusi. Transfoma ndogo za kupimia huuteremsha msongo hadi volti kama 110 ili aweze kuupima. Wala yeye hakati umeme kwa mkono wake. Yeye anapima, anahesabu, halafu anatoa amri. Anayekata ni breka, ile swichi kubwa iliyosimama nje uwanjani.

Mhandisi anapomweka mlinzi huyu kazini humpa tarakimu mbili kubwa. Ya kwanza ni kiwango: msongo ukifika hapa, anza kuhesabu. Ya pili ni muda: ukihesabu mpaka hapa na msongo bado haujashuka, kata. Msongo ukirudi chini kabla ya hesabu kwisha, mlinzi anafuta hesabu yake na kukaa kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Ubishi mwingi wa wahandisi unahusu ile tarakimu ya pili, yaani sekunde za kusubiri.

Sasa kwa nini asubiri? Kwa sababu msongo hupanda kwa njia nyingi, na kila njia ina umri wake.

Radi ikipiga waya, msongo hupanda mno, lakini huishi kwa sehemu za milioni za sekunde tu. Wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 huchukua sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Kabla rilei haijamaliza kupima hata wimbi moja, radi imeshakwisha fanya yake na kuondoka. Kwa hiyo tusimlaumu rilei kwa radi, si kazi yake. Kazi hiyo ni ya vizuizi vya radi, vile vyombo vya mviringo mnavyoviona vimefungwa karibu na transfoma, ambavyo huifungulia radi njia ya kwenda ardhini papo hapo, bila kumngoja mtu wala rilei.

Breka kubwa zinapofungwa au kufunguliwa, msongo nao huruka, lakini hutulia baada ya mawimbi machache tu. Halafu kuna kupanda kunakodumu kwa sekunde kadhaa, kunakotokea pale mzigo mkubwa unapopotea ghafla. Na mwisho kuna kupanda kunakodumu kwa saa nyingi, kwa sababu ya matumizi madogo usiku au kwa sababu ya urefu wa njia yenyewe.

Nieleze kidogo hili la urefu wa njia, maana linashangaza watu. Mtu hudhani kwamba umeme ukisafiri mbali lazima ufike umepungua. Njia ikiwa na mzigo mkubwa ni kweli. Lakini njia ndefu isiyo na mzigo hufanya kinyume: msongo wa mwisho wa njia huwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Jambo hili linabeba jina la Mwingereza Sebastian de Ferranti, ambaye kwenye miaka ya 1890 alikuwa akipeleka umeme wa volti 10,000 mjini London kutoka kituo chake cha Deptford. Kwetu sisi si hadithi ya mbali. Nchi yetu ni kubwa, na gridi yake ni ya njia ndefu. Ile ya kutoka Iringa hadi Shinyanga peke yake ina kilomita 670 hivi. Njia za namna hii hufungwa vyombo vinavyoitwa riakta, ambavyo kazi yake ni kuunyonya msongo wa ziada.

Tuje sasa kwenye ile hali ya mzigo kupotea ghafla, maana hapo ndipo subira inapoonyesha thamani yake. Tuchukue Kidatu, kituo cha mkoa wetu. Kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, awamu ya pili ikakamilika mwaka 1980, na mitambo yake minne ina uwezo wa megawati 204. Tuseme mti umeangukia njia kubwa na breka zimefunguka. Mzigo umetoweka mara moja, lakini maji ya Ruaha Mkuu hayana habari. Yapo ndani ya handaki, yanakuja kwa kasi ile ile. Huwezi kuyafungia mlango kwa kishindo, kwa sababu maji mengi yanayokimbia yakisimamishwa ghafla hupiga kama nyundo na yanaweza kupasua bomba. Ni lazima malango yafungwe polepole, kwa sekunde kadhaa. Katika sekunde hizo mtambo unazidi kuzunguka kwa kasi, na msongo nao unapanda.

Lakini mtambo hauko peke yake. Una kidhibiti chake kinachojiendesha, ambacho kikiona msongo unapanda hupunguza nguvu ya sumaku ndani ya jenereta na kuushusha, mara nyingi kwa muda wa sekunde moja au mbili. Basi fikirini: kama rilei ingewekwa ikate mara tu msongo unapozidi kwa asilimia 10, ingekata kabla kidhibiti hakijapewa nafasi ya kufanya kazi yake. Mtambo wa kwanza ungetoka, pengine na wa pili na wa tatu, na kilichokuwa tatizo la njia moja kingekuwa giza la mikoa kadhaa. Hapo haraka haina baraka hata kidogo.

Je, kwa hiyo tumwambie mlinzi asubiri tu mpaka hali itulie yenyewe? La hasha. Chelewa chelewa nayo ina gharama. Joto la kifaa kama pasi au taa ya balbu hukua kwa mraba wa msongo. Msongo ukizidi kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa asilimia 21. Ukizidi kwa asilimia 20, joto huongezeka kwa asilimia 44. Transfoma nayo ina chuma ndani yake, na chuma hicho kikisukumwa kupita kiasi hushiba, kikaanza kuvuta umeme mwingi usio na kazi na kuchemka. Mpira, karatasi na mafuta yanayotenganisha nyaya huzeeka haraka. Transfoma kubwa haiungui lazima siku hiyo hiyo. Pengine inapunguziwa miaka ya kuishi, na siku itakapokufa hakuna atakayekumbuka ni usiku gani ulioiua.

Ndiyo sababu wahandisi hawampi mlinzi subira ya aina moja. Humpa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ya kosa dogo na subira ndefu. Ya pili ni ya kosa kubwa na hukumu ya haraka. Wenzetu wa India, kwenye njia zao za kilovolti 400, kwa kawaida huweka hatua ya kwanza karibu na asilimia 110 na kusubiri sekunde kama 5. Hatua ya pili huiweka kwenye asilimia 140 hadi 150, na hapo husubiri sehemu ya kumi ya sekunde tu. Nao wana busara nyingine: njia mbili zikiwa sambamba, hawazipi muda ule ule. Moja husubiri kidogo zaidi ya mwenzake. Maana mara nyingi kuiondoa njia moja kunatosha kuushusha msongo, na ile ya pili inaendelea kuwahudumia watu. Zingepewa muda mmoja, zingekata pamoja na kuwaacha watu wote gizani.

Hapa pana fundisho kubwa la mpangilio. Msongo uliozidi unaonekana na walinzi wengi kwa wakati mmoja, kuanzia kituo hiki hadi kile. Wote wakipiga kwa pamoja, ni vurugu. Ni lazima ijulikane nani anaanza na nani anafuata. Wa kwanza kutolewa wawe wale vyombo vinavyoongeza msongo. Riakta, zinazounyonya, zibaki mpaka mwisho. Na mitambo ya kuzalisha isiwe ya kwanza kukimbia. Tofauti kati ya zamu moja na nyingine inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini ndani yake ndimo mna tofauti ya mwanga na giza.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nisipolitaja nitakuwa sikuwatendea haki mafundi. Ni kiwango cha kusamehe, yaani msongo ushuke hadi wapi ndipo mlinzi afute hesabu yake. Rilei za zamani zenye sumaku na springi zilikuwa nzito kusamehe. Tuseme imewekwa kuanza kuhesabu kwenye kilovolti 242, na haisamehi mpaka msongo ushuke hadi 230. Sasa usiku njia imetulia kwenye kilovolti 232, hali njema kabisa. Ukaja mruko mdogo ukagusa 242 na kurudi 232. Mruko umekwisha, hatari imekwisha, lakini mlinzi bado anahesabu, kwa sababu 232 ni juu ya 230. Muda ukitimia anakata, na watu wanajiuliza kulikoni. Rilei za kisasa za kielektroniki husamehe karibu sana na kiwango cha kuanzia, ilimradi mtu akumbuke kuziweka hivyo.

Haya yote yangeweza kuonekana ni mambo ya darasani, kama dunia isingetuonyesha matokeo yake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, majira ya saa 3:45, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa miongoni mwa mahali palipoguswa. Shirika la umeme la huko lilieleza kwamba kituo kikubwa cha umeme wa upepo cha Ziwa Turkana kilikuwa kimejitoa kwenye gridi. Kituo hicho, kilichoko Loiyangalani, kimeungwa na Suswa kwa njia ya kilovolti 400 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400. Wenye kituo wakajibu kwamba msongo wa gridi ndio ulizidi, na mitambo yao ikajizima yenyewe kukwepa uharibifu. Sikusudii kuwaamua ndugu zetu wa Kenya. Ninachotaka mkione ni aina ya ugomvi wenyewe. Mmoja anasema umekimbia, mwingine anasema nimekimbia kwa sababu nyumba ilikuwa inaungua. Ugomvi kama huo haumaliziki kwa maneno. Unamalizwa na kumbukumbu za rilei zinazoonyesha msongo ulifika wapi, na kwa sekunde ngapi.

Tarehe 28 Aprili 2025, saa 6:33 mchana kwa saa za huko, Hispania na Ureno zilizimika karibu zote. Wataalamu wa gridi za Ulaya waliochunguza walieleza kwamba msongo ulipanda, vituo vikaanza kujitoa kwa sababu ya ulinzi wa msongo uliozidi, na kila kilichojitoa kikaufanya msongo upande zaidi, kwa kuwa baadhi yao ndivyo vilivyokuwa vikisaidia kuunyonya. Tangu kituo cha kwanza kujitoa hadi gridi kuanguka haikupita nusu dakika. Serikali ya Hispania, katika ripoti yake ya Juni 2025, ilisema baadhi ya vituo vilijitoa kabla msongo haujafikia mpaka uliowekwa. Yaani walinzi waliokuwa na woga kupita kiasi walichangia kuangusha nyumba waliyowekwa kuilinda. Na hizo ni nchi zenye utajiri na wataalamu wengi.

Kwa nini sisi wa Morogoro tujali? Kwa sababu gridi tuliyoizoea imebadilika, na mabadiliko mengi yamepita mlangoni kwetu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mtambo wa mwisho ukakamilika mwaka 2025. Umeme wake husafirishwa kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na treni ni mzigo usiotulia: inavuta umeme mwingi inapoondoka stesheni, kisha inaachia. Tena, mwishoni mwa mwaka 2024 gridi yetu iliunganishwa na ya Kenya kupitia Namanga, kwa hiyo msukosuko wa Suswa sasa unaweza kuonekana kwenye vipimo vya huku kwetu.

Tarakimu zilizokuwa sahihi wakati gridi ilikuwa Kidatu na Ubungo si lazima ziwe sahihi leo. Njia mpya ikiongezwa, au mtambo mkubwa ukiwashwa, sekunde zote za walinzi zinapaswa kuhesabiwa upya, kama vile mzee wa mtaa anavyopanga upya zamu za sungusungu mtaa ukipanuka. Ni kazi isiyozinduliwa kwa kukata utepe, na pengine hiyo ndiyo hatari yake. Transfoma mpya tutaiona na kuipigia makofi. Mhandisi aliyekaa wiki tatu akihesabu sehemu za sekunde hakuna anayemwona.

Sasa nirudi nyumbani kwako, kwenye ile sehemu ya pili ya jibu. Ule msongo unaoua friji mtaani mara nyingi hautoki kwenye gridi hata kidogo. Transfoma ya mtaani hutoa nyaya tatu za fezi na waya mmoja wa nyutro. Nyumba ya kawaida hupewa fezi moja na nyutro, ikapata volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Waya wa nyutro ukikatika, labda kwa mti ulioanguka au kiungo kilichoshika kutu, nyumba za fezi tofauti zinajikuta zimeungana zenyewe kwa zenyewe, nazo zinagawana volti 400 bila haki. Mwenye vifaa vichache huelemewa na msongo mkubwa, na mwenye vifaa vingi hubaki na mdogo. Kifaa kama pasi kikipigwa volti 400 hupata joto mara tatu ya lile kilichotengenezewa. Mlinzi wa kituoni haoni chochote, kwa sababu kwake nyaya zote ziko sawa. Hata angekata kwa kasi ya radi, angekata nini?

Dalili yake ni hii, ikumbukeni na muwafundishe watoto: taa za nyumba moja zinawaka kwa ukali usio wa kawaida, na wakati huo huo za jirani zimefifia. Ukiona hivyo usingoje hata dakika. Hapa ndipo ule msemo wa chelewa chelewa unapofanya kazi. Zima swichi kuu, wapigie kelele majirani wazime zao, kisha toa taarifa kwa wenye umeme. Usipande nguzo wala kugusa waya kwa mti, hata uwe mkavu namna gani.

Pili, wengi wetu tunanunua kile kidude kinachoitwa friji gadi. Hiki ni mdogo wake rilei. Nacho kina muda wa aina mbili. Wa kukata ni mfupi sana. Wa kurudisha ni mrefu, mara nyingi dakika kadhaa, na huu ndio unaowaudhi watu. Umeme umerudi, taa ya gadi inamweka, friji haiwaki. Kijana wa nyumbani anachomoa gadi na kuchomeka friji moja kwa moja ukutani. Kumbe dakika zile zina maana. Friji inapozimika, gesi iliyoshindiliwa ndani ya kompresa inahitaji muda kutulia. Ukiiwasha kabla haijatulia, kompresa inasukuma mlima, inavuta umeme mwingi na kuungua. Tena dakika za kwanza baada ya umeme kurudi ndizo msongo unazoyumba zaidi. Muacheni mlinzi asubiri.

Lakini mlinzi mkali kupita kiasi naye ni hatari. Fikirieni zahanati ya kijiji mlimani, karibu kabisa na transfoma, ambako usiku, mashine ya kusaga ikizimwa, msongo hutulia kwenye volti 245. Gadi ya friji ya chanjo imewekwa ikate kwenye 240. Kila usiku friji inazimwa na mlinzi wake mwenyewe, asubuhi mashine ya kusaga inawashwa, msongo unashuka, friji inawaka. Muuguzi akifika anaikuta inanguruma vizuri. Chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 zimepita usiku kucha nje ya kiwango, na mtoto atachomwa sindano isiyo na nguvu. Kwa hiyo mwenye zahanati, mwenye mashine na mwenye duka la dawa amwite fundi apime msongo wa saa mbili mchana na wa saa nane usiku, kabla hajaiweka gadi. Na kipimajoto cha friji kisomwe, si kupambwa.

Kwa wahusika wa umeme nina maombi mawili. La kwanza, kila gridi inapopata msukosuko mkubwa, wananchi waelezwe kwa lugha yao msongo ulifika wapi, mlinzi gani alikata, na baada ya sekunde ngapi. Rilei za kisasa zinaandika yote hayo zenyewe. Neno "hitilafu" peke yake halimfundishi mtu. La pili, kazi ya kupanga upya sekunde za walinzi ipewe fedha na watu wake kila gridi inapopanuka, kama zinavyopewa nguzo na nyaya.

Na kwetu sisi tunaotumia: usiku wa leo, kabla ya kulala, tazameni taa zenu na za jirani. Zikiwa tofauti, mnajua la kufanya. Hadi wiki ijayo, kwa herini.